Usimbaji katika chekechea: Kadi za katoni zaweza kufanya kazi ya roboti

SI ajabu siku hizi kukuta bango kwenye lango la shule ya chekechea likitangaza kwamba watoto wa miaka minne na mitano hufundishwa usimbaji humo ndani, yaani kazi ya kuitungia tarakilishi maagizo ya kufuata. Mzazi alisomapo hujikuta katika njia panda. Upande mmoja anahofu mwanawe asije akaachwa nyuma na wenzake. Upande wa pili anajiuliza ni vipi mtoto asiyeweza bado kuandika jina lake, na ambaye angali anafungwa kamba za viatu, ataiandikia mashine maagizo. Kisha hutajiwa ada ya ziada ya muhula, akalipa, maana hana kipimo cha kujua analipia nini.

Kipimo hicho kipo, na hakimtaki mtu awe mtaalamu wa tarakilishi. Anachojifunza mtoto wa umri huo ni kuligawa jambo kubwa katika hatua ndogondogo, kuzipanga hatua hizo kwa utaratibu, kuzijaribu, na kuitafuta hatua iliyoharibu mambo pindi matokeo yanapokuwa tofauti na yaliyokusudiwa. Kifaa cha kuchezea kazi yake ni kuyafanya mawazo hayo yaonekane kwa macho na kushikika kwa mikono. Kifaa kinachoyaficha hakimfai mtoto hata kiwe ghali namna gani, na kipande cha katoni kinachoyaonyesha kinamfaa.

Mtumishi asiyejua kukisia

Tarakilishi ni mtumishi mtiifu kupindukia. Mama akimwambia mwanawe, "Niletee maji," mtoto hujua mwenyewe kwamba atafute kikombe, akioshe kikiwa kichafu, achote, kisha aje polepole asimwage. Hakuna aliyemtajia hatua hizo. Mashine haina ujuzi huo wa kujazia. Hufanya lile iliyoambiwa, kwa mfuatano iliyoambiwa, na ikiachiwa pengo hukwama au hufanya kioja.

Walimu wa madarasa ya chini wana mchezo mmoja wa kulidhihirisha jambo hili. Mwalimu hujifanya roboti mbele ya darasa, naye huweka mezani sufuria, pakiti ya unga, chupa ya maji na mwiko, kisha huwataka watoto wamwamuru apike uji. Mtoto wa kwanza husema, "Weka unga." Mwalimu huinua pakiti nzima, bado imefungwa, na kuiweka juu ya sufuria. Darasa huangua kicheko. Mwingine hurekebisha: "Fungua pakiti kwanza!" Mwalimu huifungua na kusimama kama gogo. Baada ya dakika kumi watoto huwa wamegundua kwamba uji, ambao wao hunywa kila asubuhi bila kuufikiria, una hatua zaidi ya kumi na tano, na kwamba kukoroga kabla ya kutia maji ni kazi bure.

Mfuatano ndio nguzo ya kwanza ya usimbaji. Nguzo ya pili ni marudio. Mtoto anayetunga shanga na kufuata mpango wa nyekundu moja, nyeupe mbili, nyekundu moja, nyeupe mbili, amekwisha kuelewa kwamba haina haja kuutaja upya kila ushanga. Yatosha kuutaja mpango mara moja na kusema urudiwe. Wasimbaji huita mpango huo kitanzi, na mafundi wa shanga wa Kimaasai na Kisamburu walikuwa wakiutumia kabla tarakilishi haijavumbuliwa.

Nguzo ya tatu ni sharti: hili likiwa hivi, fanya vile. Hapa watoto wetu wana mwalimu mzuri mno katika mchezo wa nyama nyama. Kiongozi hutaja wanyama mmoja baada ya mwingine. Mnyama akiwa ni wa kuliwa, wachezaji huruka na kuitikia. Akiwa si wa kuliwa, hutulia, na anayeruka kwa mazoea hutolewa nje. Ubongo wa mtoto katika mchezo huo unafanya kazi ileile ifanywayo na programu inayopima sharti kabla ya kutenda. Tofauti ni kwamba hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia mtoto kuwa anachofanya kina jina.

Kasa wa Massachusetts

Wazo la kumfundisha mtoto mambo haya kwa kumpa kitu kinachotembea lina historia ndefu kuliko wauzaji wa leo wanavyopenda kukiri. Mwanzilishi wake mkuu alikuwa Mwafrika Kusini. Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka wa 1928, akasomea hisabati, kisha akafanya kazi huko Geneva pamoja na Jean Piaget, mwanasaikolojia mashuhuri wa Uswisi aliyechunguza namna watoto wanavyojijengea maarifa yao wenyewe. Papert alihamia Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT) nchini Marekani katika miaka ya 1960. Mnamo 1967 yeye, Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon walibuni Logo, lugha ya kuisimbia tarakilishi iliyokusudiwa watoto.

Muda si mrefu Logo ilipata mwili. Iliundwa roboti ya kutambaa sakafuni iliyopewa jina la kasa, yenye kalamu tumboni. Mtoto aliiamuru iende mbele hatua kadhaa, igeuke, iende tena, nayo ikachora njia yake kwenye karatasi kubwa. Mtoto aliyetaka kuchora mraba alilazimika kwanza kujiwazia yeye mwenyewe akitembea mraba. Papert aliithamini mno nukta hiyo: mtoto huitumia miili miwili, wake na wa kasa, kulielewa umbo. Aliyaeleza hayo katika kitabu chake Mindstorms kilichotoka mwaka wa 1980, na alifariki mwaka wa 2016 akiwa na umri wa miaka 88.

Hata hivyo, Logo ilikuwa na kizingiti. Maagizo yake yaliandikwa kwa maneno, na mtoto wa chekechea hajui kusoma. Aliyekiondoa kizingiti hicho alikuwa Radia Perlman, mwanafunzi wa MIT katika miaka ya 1970, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa kubuni utaratibu unaoziwezesha tarakilishi nyingi kuunganishwa katika mtandao mmoja bila ujumbe kuzunguka bila kikomo. Kati ya 1974 na 1976 Perlman aliwaundia watoto wadogo vifaa vya kumwongoza kasa bila maandishi.

Kifaa chake cha kwanza kilikuwa visanduku vya vitufe. Kitufe kimoja mbele, kingine nyuma, kingine kugeuka. Watoto walivipenda. Taabu ilianza walipopewa kisanduku cha kuhifadhi maagizo ili kasa ayatekeleze yote kwa mkupuo. Maagizo yalizama ndani ya kisanduku, na mtoto hakuweza kuona alichokuwa amekiagiza. Kasa alipopotea njia, mtoto hakuwa na pa kuanzia kumtafutia kosa.

Perlman akaunda kifaa kingine, kisanduku kirefu chenye nafasi za kuchomekea kadi za picha. Kila kadi ilikuwa agizo moja. Mtoto alizipanga kadi kwa mstari, akabonyeza kitufe cha kutekeleza, na taa ndogo ikawaka penye kila kadi wakati agizo lake lilipokuwa likitimizwa. Kasa akienda mrama, mtoto aliona ni kadi gani iliyokuwa ikiwaka wakati huo. Aliichomoa, akachomeka nyingine.

Nakaa sana juu ya kifaa hiki kwa sababu karibu kila kitu kizuri kilichouzwa tangu wakati huo kimekifuata, na karibu kila kitu kibaya kimekisahau.

Nyuki, mbao na bei

Kifaa kinachojulikana zaidi katika madarasa ya watoto wadogo leo huenda ni Bee-Bot, roboti ya plastiki ya kampuni ya TTS ya Uingereza, iliyoundwa kwa umbo la nyuki mwenye mistari ya manjano na meusi. Ana vitufe mgongoni: mbele, nyuma, kugeuka kushoto, kugeuka kulia, kutua kidogo, na kimoja cha kuanza safari. Kila hatua yake ni sentimita 15, na kila mgeuko ni robo ya duara. Kwa hivyo walimu humchorea mkeka wenye miraba ya sentimita 15 na kumtaka mtoto ampeleke nyuki kwenye ua, huku akikwepa buibui.

Nyuki huyo ni hodari, lakini ana kasoro ileile ya kisanduku cha kwanza cha Perlman. Maagizo yanamezwa. Tena, asipobonyezwa kitufe cha kufuta, huyakumbuka maagizo ya zamani na kuyaunganisha na mapya, hata mtoto aliyeyapanga yake kwa usahihi humwona nyuki akienda asikotumwa. Walimu wazoefu huikwepa hitilafu hii kwa kumtaka mtoto apange kwanza kadi za mishale sakafuni, ndipo abonyeze vitufe kwa kuzifuata. Kadi hubaki pale kama ushahidi.

KIBO imelitatua tatizo hilo kwa njia nyingine. Ilitokana na utafiti wa Marina Umaschi Bers na wenzake katika Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani, na ilikusudiwa watoto wa miaka minne hadi saba. Haina kioo cha kutazama. Maagizo yake ni vipande vya mbao vinavyochomekana kama mabehewa ya garimoshi, kila kimoja kikiwa na picha na mistari myeusi kama ile ipigwayo mwanga na karani wa dukani. Mtoto huanza na kipande cha kijani, akaunganisha vya kwenda, kuzunguka, kuimba, kurudia, hata cha kungoja makofi, akamaliza kwa chekundu. Kisha huipitisha roboti juu ya kila kipande ili iyasome maagizo. Viungo vyake vya kuhisi vimepewa maumbo anayoyajua mtoto: cha kusikia kina umbo la sikio, cha mwanga umbo la jicho.

Je, watoto hufaidika? Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013, kundi la Bers liliwapa watoto wa chekechea warsha ya juma moja ya roboti, likawapima kabla na baada kwa kuwataka wapange picha za hadithi kwa mfuatano. Alama zao za kupanga picha ziliongezeka. Matokeo hayo yanatia moyo, ila kundi lilikuwa dogo na muda ulikuwa mfupi. Mwenye kuyatumia kuwaahidi wazazi kwamba mtoto atakuwa bingwa wa hisabati au atapata kazi ya mshahara mnono anayatwika mzigo yasioweza kuubeba.

Lingine ni bei. Seti ya KIBO hugharimu mamia ya dola za Marekani, kabla ya nauli na ushuru. Nyuki ni nafuu kuliko hapo, lakini darasa la watoto arobaini haliwezi kumchezea nyuki mmoja. Wakizungushwa kwa zamu, kila mtoto hupata dakika moja au mbili, na zilizobaki zote huwa ni za kungoja na kusukumana.

Mtaala unasemaje

Nchini Kenya, chekechea ina miaka miwili, PP1 na PP2, kwa watoto wa takriban miaka minne na mitano, na Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu hiyo serikali za kaunti. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka wa 2019 unataja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba ambao kila mwanafunzi anapaswa kuujenga. Kwa upande wa shule za msingi, serikali ilianza kusambaza tabuleti mwaka wa 2016, na vifaa zaidi ya milioni moja vikafikishwa shuleni. Mnamo Aprili 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) iliidhinisha mtaala wa usimbaji wa kampuni ya Kodris Africa kwa shule za msingi na za upili.

Uingereza ilitangulia kidogo. Tangu Septemba 2014 watoto wa shule za umma wa England kuanzia miaka mitano hufundishwa maana ya mfuatano wa maagizo na namna ya kuusahihisha.

Chekechea yetu haina somo liitwalo usimbaji, na kwa maoni yangu haina haja nalo. Shughuli za hisabati za PP1 na PP2 tayari zinamtaka mtoto atenge vitu kwa makundi, avipange kwa utaratibu na kuendeleza ruwaza. Mwalimu wa shule ya umma kijijini ambako umeme haujafika hangoji idhini ya mtu yeyote ndipo aanze. Anachohitaji ni chaki, katoni kuukuu, makasi na kalamu ya wino mzito.

Darasani bila umeme

Huchorwa sakafuni au uwanjani miraba kumi na sita, minne kwa minne, kila mmoja ukitosha mtoto kusimama. Mraba mmoja ni nyumbani, mwingine ni kisimani. Miwili au mitatu huwekwa jiwe au jani kuashiria tope lisilokanyagwa. Katoni hukatwa kadi za ukubwa wa kiganja, zikachorwa mishale: wa kwenda mbele mraba mmoja, wa kugeuka kulia, wa kugeuka kushoto. Za kwenda mbele ziwe nyingi kuliko nyingine, maana ndizo huisha mapema.

Watoto hugawanywa watatu watatu. Mmoja ni mpangaji, naye huzipanga kadi kwenye mstari chini, kutoka kushoto kwenda kulia, jinsi maneno yasomwavyo. Wa pili ni roboti. Hatembei mpaka asomewe kadi, wala haruhusiwi kujisahihisha hata akiona anaelekea topeni. Wa tatu ni mkaguzi. Huyu huwa na kizibo cha chupa cha plastiki, naye hukisogeza kutoka kadi moja hadi nyingine kila agizo linapotekelezwa. Kizibo hicho ndicho taa ya Radia Perlman. Roboti akikanyaga tope, kizibo husimama papo hapo, na wote watatu huiona kadi iliyomtia matopeni.

Ugumu wa kwanza watakaokutana nao watoto ni kugeuka. Mtoto akiona mshale wa kulia hudhani roboti ahamie mraba wa kulia. Kumbe kugeuka ni kugeuza uso tu. Miguu haiuachi mraba. Ili aende kulia, zinahitajika kadi mbili: geuka, kisha nenda. Kosa hili hutokea pia kwa watoto wanaomtumia yule nyuki wa plastiki, na haliponi kwa maelezo. Huisha mtoto akishakuwa roboti mwenyewe mara tatu nne, akauhisi mwili wake ukigeuka pasipo kusogea.

Ugumu wa pili ni mkali zaidi. Roboti anapomwelekea mpangaji uso kwa uso, kulia kwa roboti ni kushoto kwa mpangaji. Piaget alionyesha jinsi ilivyo vigumu kwa mtoto wa umri huu kuliona jambo kutoka mahali aliposimama mwingine. Mpangaji na aruhusiwe kuinuka na kusimama nyuma ya roboti, auelekee upande uleule, ndipo achague kadi. Utepe mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa roboti, na mshale mwekundu kwenye kadi ya kulia, husaidia sana. Neno lenyewe lina hila zake katika Kiswahili, kwani kulia ni upande na kulia ni kutoa machozi. Si mara moja roboti aliyeamriwa kulia atajifuta macho ili wenzake wacheke. Mwalimu asimkemee. Amepata fursa ya kueleza kwa nini agizo la mashine halipaswi kuwa na maana mbili.

Wakizoea, kazi huongezwa ugumu. Kadi za mbele tatu mfululizo huondolewa, pakawekwa moja yenye vitone vitatu juu yake. Hicho ni kitanzi. Huongezwa kadi ya sharti: ukikuta kikombe mrabani, kiokote, usipokikuta, pita. Mwalimu mwingine hutumia hadithi ya Sungura na Fisi badala ya kisima, akawataka watoto waipange kwa picha tano kabla ya kumtembeza Sungura sakafuni. Watoto wa PP1 watosheke na kadi tatu au nne kwa zamu. Wa PP2 wanaweza kufika kumi, japo kadi zikizidi hapo umakini huanza kutoroka.

Kosa linapotokea

Katika madarasa mengi kosa ni jambo la aibu. Hupigwa mkasi mwekundu daftarini, wenzake mtoto wakacheka, na mtoto mwenye haya huamua kwamba usalama u katika kunyamaza. Mtoto akifika Darasa la Kwanza na mazoea hayo, huinakili kazi ya jirani yake kuliko kuthubutu yake.

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo ilipo faida ambayo mabango hayaitangazi. Papert alishikilia kwamba katika usimbaji karibu hakuna anayepatia mara ya kwanza, na kwamba swali la kuuliza kuhusu programu ni kama yaweza kutengenezwa, na wapi. Mtoto aliyempeleka roboti topeni hakushindwa. Ana kadi saba mbele yake, sita ni nzuri, moja ina kasoro, na kizibo kinamwonyesha ni ipi. Yeye na wenzake wawili huinama juu ya kadi hiyo kama mafundi juu ya injini.

Yote hayo huharibika mwalimu akiwa na haraka. Mtu mzima huiona kadi mbaya tangu inapowekwa, na mkono humwasha aibadilishe. Ajizuie. Aiache roboti itembee hadi itumbukie, ndipo aulize: Ulitaka ifike wapi? Imefika wapi? Kizibo kiko juu ya kadi gani? Maswali hayo matatu yatosha, na mzazi anaweza kuyatumia nyumbani hata mtoto anapojenga mnara wa vikopo ukaporomoka.

Wasichana na wavulana wabadilishane nafasi bila kusubiri kuombwa. Wavulana aghalabu hukimbilia uroboti, wasichana wakaachiwa ukaguzi, na mgawanyo huo huota mizizi upesi. Mtoto asiyeweza kutembea apewe kikaragosi cha kukisogeza mrabani, awe mpangaji na roboti kama wengine. Mchezo haupungukiwi kitu.

Tahadhari kwa mnunuzi

Mzazi mwenye uwezo wa kununua kifaa ana mambo machache ya kukagua. La kwanza ni uhai wa mtoto. Betri ndogo za duara zinazofanana na sarafu zikimezwa zaweza kuunguza koo kwa ndani katika muda wa saa mbili, hivyo kifuniko cha betri lazima kifungwe kwa skrubu. Vipande vinavyoweza kuingia kinywani havimfai mtoto aliye na ndugu mchanga nyumbani.

La pili ni kioo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo Aprili 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Shule inayodai kufundisha usimbaji kwa kuwakalisha watoto wa umri huo mbele ya tabuleti asubuhi nzima inauza kitu kingine.

Kisha mzazi aiombe shule imruhusu kukaa darasani nusu saa. Aangalie ni nani anayepanga maagizo, mtoto au mwalimu. Aangalie kama maagizo yanaonekana baada ya kupangwa au yamemezwa na mashine. Aone mambo yakienda kombo ni nani anayeitafuta kasoro. Ikiwa roboti inatembea vizuri kila mara na watoto wanapiga makofi, huenda ni mwalimu aliyeisimba, na ada inayolipwa ni ya tamasha.

Mtoto akifika miaka mitano hadi saba, na tabuleti ikiwapo, ipo programu iitwayo ScratchJr iliyotolewa mwaka wa 2014 na watafiti wa Tufts na MIT wakishirikiana na kampuni ya Playful Invention. Hupatikana bure, hufanya kazi bila mtandao ikishapakuliwa, na maagizo yake ni picha zinazopangwa kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, zikibaki machoni pa mtoto muda wote. Aliyekwisha kuzizoea kadi za katoni huitambua kazi mara moja. Walimu wengine huendelea kuzitandaza kadi mezani kando ya tabuleti, kwa kuwa watoto watatu hawawezi kukishika kioo kimoja kwa pamoja bila ugomvi, ilhali kadi humtosha kila mmoja, na zikilowa mvua hukatwa nyingine.